Kupata chini ya matarajio: namna programu za sataranji zinavyopokea habari mbaya



Wengi wetu tunacheza sataranji kwenye telefone, ule mchezo ambao huku tumezoea kuuita échecs. Ukimaliza kucheza, hasa kama umepigwa, unaomba programu ikuonyeshe mahali ulipopotea. Basi umeishaona ile kitu: programu inasema mweupe yuko mbele, +0,80, namba inatulia. Unaiacha iendelee kufikiri. Ghafla namba inaanza kushuka: +0,35, kiisha −0,10. Hatua iliyokuwa ya kwanza kwenye orodha inabaki pale kwa muda kama chef anayeng'ang'ania kiti, halafu inaondolewa. Kwa sekunde hizo programu iko kama mtu aliyepokea simu ya habari mbaya, lakini hajajua bado ubaya wenyewe unafika wapi.

Mimi ni mtu wa agronomie, siko mtu wa informatique. Lakini sekunde hizo zimenishughulisha sana, juu niliwahi kuharibu kazi kwa kosa la namna hiyo, na wakulima wakalipa. Nitaeleza hapa chini. Leo nataka kuhakiki kitu kimoja tu: programu ya sataranji inafanya nini wakati matokeo yanaanguka chini ya mpaka ilioutarajia, na je, inafanya vizuri?

Hukumu yangu naitoa mapema, musitafute mbali. Programu hizi zinajua kutofautisha "ni mbaya kiasi hiki" na "haizidi hapa, zaidi sijui". Kwa jambo hilo ziko waaminifu kuliko wengi wetu tulio na diplome. Lakini uaminifu huo una mapungufu mawili makubwa: saa ikiisha mahali pabaya unaanguka, na mara nyingi haufiki kwenye skrini ambayo wewe na mimi tunasoma.

Dirisha ni nini

Programu haifikiri mara moja hadi mwisho. Inaanza na kina cha hatua moja, kiisha mbili, kiisha tatu, na kuendelea. Kila duru inatoa alama. Alama inapimwa kwa askari: +1,00 ni kama uko na askari mmoja zaidi ya mwenzako.

Sasa tuseme duru ya 14 imetoa +0,30. Duru ya 15 iko na kazi nyingi zaidi, juu kila hatua unayoongeza inazaa njia nyingine nyingi. Programu ingeweza kuuliza swali kubwa: "Alama ni ngapi?" Badala yake inauliza swali ndogo: "Alama ingali kati ya +0,15 na +0,45?" Mpaka wa chini unaitwa alfa, wa juu unaitwa beta, na nafasi ya katikati njo dirisha. Faida yake ni hii: njia yoyote inayothibitika kuwa nje ya dirisha inaachwa hapo hapo, bila kupimwa hadi mwisho. Dirisha likiwa jembamba, kazi inapungua.

Lakini hakuna cha bure. Jibu linaweza kutoka nje ya dirisha. Likipita juu, ni habari njema. Likianguka chini, njo tunaingia kwenye shida ya leo. Hapo programu haijapata alama. Imepata ushuhuda mmoja tu: alama haizidi +0,15. Inaweza kuwa +0,10, kitu kidogo. Inaweza kuwa −6,00, malkia amekwenda. Kwa nini haijui? Juu ilisimama mapema. Mara tu mpinzani alipopata jibu moja la kuishusha chini ya alfa, programu haikuangalia majibu mengine ya mpinzani, na pengine kati ya hayo kuna la kuua kabisa. Ile sakafu uliyoweka kwenye swali imegeuka dari ya jibu.

Hili si jambo la kubahatisha. Mwaka 1975 Donald Knuth na Ronald Moore walichapisha uchambuzi wa njia hii ya alfa-beta, na waliandika wazi hali tatu: jibu likiwa ndani ya dirisha ni namba kamili, likiwa chini, unajua tu kwamba ukweli hauzidi alfa, likiwa juu, unajua tu kwamba ukweli haupungui beta. Mutu anayetumia njia hii na kusahau hali hizo tatu, anajidanganya kwa hesabu iliyo sahihi.

Mbegu 84

Sasa kisa changu. Nilipokuwa mwaka wa mwisho wa licence, nilifanya stage kwenye shirika moja nisilolitaja. Kulikuwa na magunia ya mbegu ya mahindi, lot 5, kwa ajili ya wakulima wa bonde la Ruzizi. Saison A ilikuwa mlangoni. Kazi yetu, mimi na mwenzangu, ilikuwa kupima uotaji: mbegu 100 kwa kila lot, kwenye sahani 4 za mbegu 25. Kanuni tuliyopewa: lot isiyofikisha 85 haipite.

Wakati ulikuwa mdogo, tukapata akili. Tulisema: tuhesabu zile zilizokufa. Tunamaliza sahani moja, tunajumlisha. Zikifika 16 ao zaidi, tunasimama, juu lot hiyo haiwezi tena kufikisha 85 hata zingine zote ziote. Njia nzuri kabisa, na hata leo naitetea. Bila kujua, tulikuwa tunafanya alfa-beta na sahani za plastiki.

Kosa halikuwa kusimama. Kosa lilikuwa kuandika. Kila lot iliyoanguka tuliiandikia "84". Na bahati mbaya lot zote 5 zilianguka. Karatasi tuliyopeleka ofisini ilikuwa na 84, 84, 84, 84, 84. Mkubwa wetu aliangalia akasema: imekosekana pointi moja tu, na zote ziko sawa, mvua haitungojei, gaweni ile ya kwanza kwenye orodha. Kwa karatasi aliyokuwa nayo mkononi, hakukosea.

Lakini ile lot ya kwanza, sahani yake ya kwanza peke yake ilikuwa na mbegu 22 zilizokufa kati ya 25. Niliziona kwa macho yangu. Sikuziandika, juu kanuni ilisema tu kama iko chini ya 85 ao hapana.

Baada ya siku kumi na kitu, mashamba yalikuwa na mapengo kama meno ya mtoto wa miaka saba. Mama mmoja aliniita pembeni, akaniuliza bila hasira: "Injenia, hii mbegu yenu bado inalala?" Alikuwa amelima, ameweka mbolea, amelipa watu wa kupanda. Alienda kununua mbegu nyingine sokoni kwa pesa yake, na mvua ya kwanza ilikuwa imemupita. Sikuwa na jibu la kumupa.

Nikitazama nyuma, tulifanya makosa matatu. La kwanza, tuliandika mpaka kama vile ni kipimo. La pili, hata mpaka wenyewe tuliandika ule tuliopewa, si ule tuliouona: kwa lot ya kwanza, mbegu 22 zikiwa zimekufa, tulijua haizidi 78, lakini tukaandika 84. La tatu, hatukurudia kupima kabla ya kuchagua kati ya zile zilizoanguka. Nitatumia makosa hayo matatu kama mizani ya kupimia programu.

Programu zinafanya nini na makosa hayo

Kwa kosa la kwanza, programu zinapita mtihani vizuri. Kila programu nzuri iko na daftari la kumbukumbu ndani, ambamo inaandika nafasi ilizokwisha kuchunguza ili isirudie kazi. Kila mstari wa daftari hilo hauna namba tu. Uko na kina kilichofikiwa, na uko na alama ndogo ya aina: namba hii ni kamili, ao ni "angalau", ao ni "haizidi". Kesho programu ikirudi kwenye nafasi ile, haiwezi kuchukua "haizidi 0,15" na kuitumia kama 0,15. Alama ile inaikataza. Ingekuwa sisi tulikuwa na kasafu kamoja kadogo kwenye karatasi yetu, ka kuandikia "haizidi", mkubwa wetu angeuliza swali.

Kwa kosa la pili, kuna historia. Namna ya zamani ya kuandika alfa-beta ilikuwa kali: jibu likianguka chini, programu inarudisha alfa yenyewe, basi. Njo 84 yetu. Mwaka 1983 John Fishburn alionyesha namna laini zaidi: ukianguka chini, rudisha kile ulichokiona kweli, hata kiko chini ya alfa. Bado ni dari, bado siyo kipimo, lakini ni dari iliyo karibu zaidi na ukweli. Hiyo njo 78. Haihitaji kazi ya ziada, juu habari ilikuwa tayari mkononi; ni kukubali tu kutoitupa. Stockfish, programu ya bure ambayo iko ndani ya telefone za wengi wetu, inafuata namna hii laini.

Kwa kosa la tatu, programu zinarudia. Stockfish ikianguka chini ya dirisha kwenye mzizi, maana yake kwenye nafasi yenyewe iliyo mbele ya mchezaji, haichukui hatua nyingine haraka haraka. Inashusha sakafu, inavuta na dari chini kidogo, na inauliza tena kwa kina kile kile. Ikianguka tena, inapanua tena, kila mara kwa kipimo kikubwa kidogo. Inafanya hivyo hadi jibu likae ndani ya dirisha, yaani hadi habari mbaya ipate ukubwa wake.

Na hapa kuna jambo nimelipenda sana. Jibu likipita juu ya dari, habari njema, Stockfish inarudia kwa kina kilichopunguzwa kidogo. Inaridhika na uhakikisho wa bei nafuu. Likianguka chini, upunguzaji huo unafutwa, inachunguza kwa kina kizima. Tena inajipa muda zaidi wakati alama inashuka. Wandugu, sisi tunafanya kinyume. Matokeo ya mémoire yakitoka mazuri, tunayapima mara mbili kwa furaha, tunatengeneza na grafu ya rangi. Yakitoka mabaya, tunatafuta namna ya kuyaweka kwenye annexe, ukurasa wa mwisho.

New York, 4 Mei 1997

Kama unadhani haya ni mambo ya mafundi peke yao, tukumbuke mchezo mmoja ambao ulileta kelele dunia nzima.

Garry Kasparov, bingwa wa dunia, alikuwa New York anacheza michezo 6 na Deep Blue, mashine ya IBM. Mwaka 1996, kule Philadelphia, aliishinda 4 kwa 2. Sasa walirudi na mashine mpya, yenye uwezo wa kuangalia nafasi karibu milioni 200 kwa sekunde. Mchezo wa kwanza Kasparov alishinda. Wa pili, tarehe 4 Mei, alikuwa na weusi na amebanwa. Akaweka mtego wa mtu anayejua kompyuta: aiachie malkia wa mweupe njia ya kuingia na kula askari, na yeye apate pumzi ya kushambulia. Kompyuta alizozijua zilikuwa na njaa. Zikiona askari wa bure, zinakula.

Kwenye hatua ya 36 Deep Blue haikula. Ilifikiri muda mrefu kuliko kawaida yake, ikabadilishana askari kwenye b5, na kwenye hatua ya 37 ikaweka fou yake kwenye e4, ikafunga mlango. Kasparov hakuamini. Hiyo haikuwa tabia ya kompyuta, ilikuwa tabia ya mtu. Mbele ya waandishi wa habari alilinganisha jambo hilo na goli la mkono la Maradona dhidi ya Uingereza mwaka 1986. Aliomba rekodi za mashine. Hazikutolewa pale pale, IBM ilizitangaza baadaye.

Maelezo ya wajenzi wenyewe, Feng-hsiung Hsu, Murray Campbell na Joseph Hoane, ni kavu kabisa, na kwangu njo uzuri wake. Deep Blue ilikuwa na bajeti mbili za muda. Ya kwanza ya kawaida, muda uliobaki umegawanywa kwa hatua zilizobaki. Ya pili ya dharura, ambayo iliweza kufika karibu theluthi moja ya muda wote uliobaki. Kati ya masharti ya kufungua bajeti ya dharura: alama imeshuka kwa 15 ao zaidi, pale ambapo askari mmoja ni 100, ao hatua bora ya sasa imeanguka chini ya mpaka na thamani yake haijapatikana bado. Katika mchezo ule mashine ilikuwa inapendelea kweli kuingiza malkia. Ilipochimba zaidi, alama ya hatua hiyo ikashuka. Bajeti ya dharura ikafunguka, mashine ikaendelea kutafuta, ikapata njia nyingine.

Dunia ilihadithia mchezo ule kwa namna mbili. Wa kwanza walisema mashine imepata akili. Wa pili walisema kuna mtu amejificha nyuma ya pazia. Naona wote walipita pembeni. Kilichoonekana kama hekima ya mzee kilikuwa kanuni moja tu ya subira: usiamue wakati kipimo chako kingali hewani. Waliiandika watu, ndiyo, lakini kabla ya mchezo, wakiwa wametulia, si katikati ya hofu. Lakini upande mmoja Kasparov alikuwa na haki: mashine inayosema "nilishtuka, nikachunguza tena" inapaswa kuonyesha rekodi ya mshtuko wake mapema, si baada ya watu kuondoka ukumbini.

Na kisa kina mkia. Kwenye hatua ya 45 Kasparov alikubali kushindwa. Kesho yake wenzake walimwambia kwamba wachambuzi wamepata njia ya kuelekea sare, kwa malkia wake kumfukuza mfalme mweupe bila kumwachia pumzi. Fikirieni hapo. Kasparov alikuwa na dari: kutoka nafasi ile hapati zaidi ya sare. Alisoma dari hiyo kama kipimo: nimeshindwa. Aliamini kwamba mashine kali namna ile isingeacha mlango wazi, kwa hiyo hakurudi kuupima. Mtu aliyekuwa anachunguza kila kitu alipokea habari mbaya bila uchunguzi wa pili. Na mashine nayo, ile yenye bajeti ya dharura, ilikuwa imeingia kwenye njia hiyo bila kuona mlango. Maana muda wa ziada unasaidia kuangalia, lakini hauongezi macho. Tarehe 11 Mei mechi iliisha 3,5 kwa 2,5, mashine mbele.

Lawama zangu tatu

Nimesifu vya kutosha. Sasa mahali ambapo naona kasoro.

Lawama ya kwanza: kati ya walioanguka hakuna mshindi. Dirisha likiwa juu mno, hatua ya kwanza inaanguka, ya pili inaanguka, zote zinaanguka. Kila moja iko na "haizidi" yake, na dari mbili huwezi kuzilinganisha kama vipimo viwili. Lot inayosema "haizidi 78" inaweza kuwa bora kuliko inayosema "haizidi 82". Programu inajua hilo, kwa hiyo inashikilia hatua iliyokuwa bora kwenye duru iliyopita. Ni sawa, kama kuna muda wa kurudia. Lakini saa ikiisha pale katikati? Inacheza ile ile ambayo imeishaanza kuishuku, juu hiyo njo peke yake yenye namba kamili, hata kama namba ni ya jana. Ni gunia la kwanza kwenye orodha. Deep Blue na Stockfish zinapunguza hatari hii kwa kujipa muda; hazikuiondoa. Na kwenye michezo ya haraka, dakika moja kila upande, bajeti ya dharura yenyewe ni ya kimasikini.

Lawama ya pili: dirisha linajengwa juu ya matarajio. Kwa nadharia safi, dirisha haligeuzi ukweli, linaharakisha tu. Lakini programu za leo zinakata njia nyingi kwa kukisia, na zinatumia daftari lililoandikwa wakati wa maswali mengine. Kwa hiyo inatokea programu inasema "iko chini ya +0,15", inashusha sakafu, inauliza tena, na safari hii inapata +0,20. Inajipinga yenyewe ndani ya sekunde moja. Mafundi wanajua jambo hili na wanaishi nalo, juu kwa wastani faida ya haraka inazidi hasara. Ninakubali hesabu yao. Ila sikubali mtu aniambie kwamba swali halina mkono wake kwenye jibu. Sisi wa mashamba tunajua: ukienda kuuliza wakulima ukiwa tayari na fomu ya "kati ya tani 2 na 3 kwa hekta", utapata majibu kati ya tani 2 na 3.

Lawama ya tatu njo kubwa kwangu: skrini. Ndani ya programu kila namba iko na alama yake. Hata lugha ambayo programu inatumia kuzungumza na skrini, itifaki ya UCI iliyotolewa mwaka 2000 na Stefan Meyer-Kahlen pamoja na Rudolf Huber, iko na neno maalum la kusema "alama hii ni dari tu". Fundi aliweka neno hilo kusudi. Lakini skrini nyingi za telefone hazituonyeshi. Zinatuonyesha namba moja yenye koma na desimali mbili, na ule ufito mweupe na mweusi unaopanda na kushuka kama vile kila kitu kimepimwa. Desimali mbili zinatisha watu. Nani atabishana na 0,15?

Mtu atasema: mchezaji wa kawaida hahitaji mambo hayo, yatamchanganya. Nimelifikiria hilo. Hata ofisini kwetu walisema hivyo juu ya wakulima: usiwachanganye na namba, waambie tu mbegu ni nzuri ao mbaya. Lakini yule mama aliyeniita pembeni alikuwa anaelewa kabisa maneno "hazizidi 78, hatujamaliza kuhesabu". Angeelewa kuliko mimi. Angeongeza mbegu mbili kwenye kila shimo, ao angengoja. Tulimunyima neno dogo, naye akapoteza mvua.

Hapo tunafika wapi

Sidai kwamba sataranji itaokoa kilimo chetu. Ninadai kitu kidogo: watu waliojenga programu hizi walikaa miaka wakijiuliza swali ambalo sisi kwenye auditoire hatukufundishwa kuuliza. Tulifundishwa kutoa matokeo. Hatukufundishwa nini cha kufanya matokeo yakianguka chini ya mpaka tuliouweka wenyewe. Wao walijibu kwa mambo matatu: tia alama kwamba hiki ni mpaka na si kipimo, andika kile ulichokiona kweli, si kile fomu ilichouliza, rudia kabla ya kuchagua, na jipe muda zaidi pale pale unapotamani kumaliza haraka. Kisha wakaacha jambo la nne bila kulifanya sawa: kumwambia mtu wa nje.

Sisi tunaweza kuanza na hilo la nne. Leo kwenye karatasi zangu za uotaji kuna kasafu kadogo, kamefinyangwa kwa kalamu kando ya safu ya namba. Ndani yake naandika moja kati ya maneno matatu: kamili, angalau, haizidi. Mkubwa wangu wa sasa alicheka mara ya kwanza alipokaona. Mwezi uliopita lot mbili zilianguka, moja "haizidi 80", nyingine "haizidi 83". Alizishika zote mbili mkononi, akaangalia kalenda, akaangalia tena karatasi. Kiisha akasema: "Basi rudieni hizi mbili, muhesabu hadi mwisho." Tulirudia. Ilituchukua siku 7.

Ile ya "haizidi 80" ilitoa 79. Ile ya "haizidi 83" ilitoa 61.